Dirisha la Kushoto la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Siku nzuri. Nimeingia kwenye mashindano ambayo siwezi kushindwa.

Mambo yalianza hivi. Mama mkwe alitolewa mtoto wa jicho wiki tatu zilizopita, jicho la kulia. Daktari kasema jicho limepona vizuri ila mwanga mkali utamchoma kwa muda. Sasa sebule yetu (yake kwa kweli, sisi tunaishi vyumba vya nyuma) ina madirisha mawili makubwa yanayotazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri jua linaingia humo kama lina ufunguo wake. Mama anavaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Anaichukia. Anasema anafanana na mlinzi wa waziri.

Leo kaja shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye duka la mapazia. Mtaa mzima unamwita Bwana Pazia, naye anaitika. Kaleta pazia zito la rangi ya maini, kalitundika, kalivuta. Giza! Nimejigonga muundi kwenye meza. Mama alikaa humo dakika mbili, kisha akauliza, kwa ule upole wake unaotisha, kama alifanyiwa macho ili aone au ili atiwe ndani ya gunia.

Nikaona upenyo. Nikakohoa. Nikasema siku hizi kuna karatasi za plastiki za kubandika kwenye vioo, nyembamba kama ganda la kitunguu. Joto linabaki nje, mwanga unaingia, na mpita njia hakuoni. Bwana Pazia akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akaniuliza hayo nimesomea wapi. Nikamwambia kuna watu wanaosoma na kuna watu wanaojua. (Ukweli: niliyasoma kwenye bango la duka la rangi siku niliyojikinga mvua hapo. Mvua iliisha kabla sijafika mwisho wa bango.)

Mama mkwe akaamua. Dirisha la kushoto langu, la kulia la Bwana Pazia. Kila mmoja afanye ujuzi wake. Jumapili yeye mwenyewe atatoa hukumu, na mshindi atashughulikia madirisha yote ya nyumba yake ya wageni hapo jirani, vyumba kumi, na kukabidhiwa ufunguo wa ofisi.

Ofisi! Tangu kiwanda cha viberiti kinipunguze kazini mwaka juzi, mimi mtaani naitwa "mume wa mwalimu". Kuanzia Jumapili naitwa Meneja.


Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimekwenda kwa fundi anayebandika tinti kwenye vioo vya magari. Nilitegemea kumkuta mwanamume. Ni dada mmoja mwembamba, wembe sikioni kama kalamu ya seremala. Nikamwambia nataka ile karatasi.

Akauliza ipi. Nikasema ile ile. Akauliza dirisha linatazama wapi. Kioo kimoja au viwili? Ninachotaka ni kupunguza joto, kuzuia makochi yasipauke, kushikilia kioo kisimwagike kikivunjika, au kutoonekana na watu wa nje? Maana kila shida ina karatasi yake. Nikasema nataka zote nne. Akanitazama kama mtu aliyeagiza kiatu kimoja cha kuvaa miguu yote ya familia.

Kisha akanionyesha kitu ambacho sijaacha kukifikiria tangu asubuhi. Ana vioo viwili vidogo vimesimamishwa mezani. Kimoja kitupu, kingine kimebandikwa karatasi. Nyuma ya kila kimoja kuna taa ya moto, ile wanayowekea vifaranga. Akaniambia nitie mkono mbele ya kioo kitupu. Moto! Nikatia mbele ya kile kingine. Kidogo tu, kama pumzi ya mtu. Na mwanga ulikuwa unapita vile vile! Nikatia shavu. Nikatia goti. Nikarudia shavu la pili ili kuhakikisha. Akaniuliza kama kuna kiungo kingine nataka kupima, kwa sababu kuna mteja anasubiri.

Nimemuuliza joto linakwenda wapi. Kasema jua lina mwanga tunaouona, lina joto tusiloliona, na lina miale mingine isiyoonekana ambayo ndiyo inayokula rangi za vitambaa na ngozi zetu. Karatasi inachagua cha kupitisha na cha kurudisha. Inachagua! Kitu kisicho na akili kinachagua, na mimi nina akili na nikienda sokoni narudi na nyanya zilizooza.

Nilichukua ile ya rangi ya fedha, inayokata joto na kuwa kama kioo cha kujitazamia kwa mtu wa nje. Dada akasema atakuja kubandika mwenyewe, ni kazi ya saa moja. Nikakataa. Akaanza kunieleza: safisha kioo mara tatu, zima feni, funga mlango vumbi lisiingie, maji ya sabuni kwa wingi. Nikamwambia najua, najua. Meneja hawezi kubandikiwa dirisha lake na mtu mwingine.


Jumatano, tarehe 5 Februari

Sitaki kuandika mengi.

Nilisafisha kioo mara moja. Kilikuwa kinang'aa, mara tatu za nini? Joto lilikuwa kali, nikawasha feni. Nikabandua ganda la juu la karatasi, linalofunika gundi. Feni ikaipokea. Karatasi ikajikunja, ikanikumbatia kifuani, ikashika mkono, ikashika nywele za kisogoni. Nikazunguka sebuleni kama samaki aliyefungwa kwenye karatasi ya fedha tayari kwa oveni. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake na miwani yake myeusi.  Aliinua tu miguu kila nilipopita.

Hatimaye nikaipata kwenye kioo. Bila maji ya sabuni, maana nilidhani maji yataifanya iteleze. (Nimeambiwa ndiyo kazi yake.) Ilishika papo hapo, pale pale, upande upande. Viputo! Vikubwa, vidogo, kimoja cha ukubwa wa sahani. Nzi mmoja kabaki chini ya karatasi, mabawa wazi, ametulia kama amepigwa picha ya kitambulisho.

Bwana Pazia akapita kuangalia. Alisimama mbele ya dirisha langu muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye maonyesho. Akasema kazi nzuri, na akaniuliza kama nzi alikuja pamoja na karatasi au anauzwa peke yake. Nikajikaza kisabuni nikacheka.

Mke wangu karudi kutoka shule saa kumi. Yeye anafundisha sayansi. Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akatoa gundi kwenye nywele zangu kwa mafuta ya kupikia. Kisha akavua viatu. Nilikuwa nimenunua karatasi ya ziada, hilo tu ndilo nililofanya kwa akili. Akabandua ya kwanza, akaosha kioo mara tatu, akazima feni, akapulizia maji ya sabuni mpaka kioo kikatiririka. Karatasi ikalala juu yake ikiogelea, akaisogeza kwa vidole viwili mpaka ikakaa sawa kona zote nne. Kisha akachukua mpira wa kufutia kioo, akasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, mstari baada ya mstari. Hakuna kiputo. Hakuna nzi.

Mimi nilimsimamia.


Alhamisi, tarehe 6 Februari

Ushindi! Jua limekuja saa tisa kama kawaida yake. Upande wa kulia pazia la maini, giza. Upande wa kushoto, dirisha langu, mwanga umetulia kama wa asubuhi. Mama akasogeza kiti chake mpaka hapo. Akakaa. Akakunja mikono. Baada ya muda akavua miwani myeusi, akaiweka mapajani, akapepesa macho mara mbili tatu, akaangalia nje.

Hajaangalia nje alasiri tangu atoke hospitali. Nilisahau kujisifu kwa karibu dakika nzima.

Halafu yakaanza mambo. Dirisha letu liko hatua nne tu kutoka njiani, na kwa mtu wa nje sasa ni kioo cha kujitazamia, kikubwa kuliko vyote mtaani. Tarishi alikuwa wa kwanza. Akasimama, akatazama huku na huku, akaangalia meno yake yote, ya juu na ya chini. Mama akashika mdomo. Akafuata mwuza maziwa, akajaribu namna tatu za kuvaa kofia, akachagua ya kwanza. Akapita mwalimu mkuu wa shule ya mke wangu, mtu ambaye hajawahi kutabasamu. Akasimama mbele ya kioo akajaribu kutabasamu. Akaona haifai, akaendelea na safari.

Mama mkwe akacheka mpaka akatafuta leso. Akasema miaka arobaini anaishi na watu hawa na leo ndiyo mara ya kwanza anawaona.

Kisha akaja Bwana Pazia mwenyewe, akielekea mlangoni. Akajiona. Akasimama upande, akavuta tumbo ndani. Akaliachia. Akalivuta tena, akajaribu kutembea nalo hivyo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Ajabu ya binadamu! Mtu akidhani haonekani anakuwa mtoto.

Saa kumi na moja nikatoka nje na kitambaa kufuta kioo. Nikajiona mle ndani, mzima mzima. Nina umbo la meneja, sikuwahi kulitambua. Nikarekebisha kola. Nikajaribu uso wa kumkaribisha mgeni. Nikajaribu uso wa kumkatalia mgeni. Nikafanya mazoezi ya hotuba ya Jumapili, kwa sauti, na mikono: nikashukuru, nikasema Mama umri umekwenda sasa, niachie mimi funguo zote upumzike, na huyu Bwana Pazia tumpe kazi ya kufua mashuka. Ilitoka vizuri sana. Niliirudia.

Wakati wa chai Mama akaniuliza, huku anakoroga sukari, umri wake umekwenda wapi na unatarajiwa kurudi lini. Chai ikanipalia. Nikamuuliza mke wangu pembeni, mama yako kajuaje?  Yeye alinionyesha kwa kidole kile kidirisha kidogo cha juu, kilichokuwa wazi kuingiza hewa, kisha kiti cha Mama chini yake.


Ijumaa, tarehe 7 Februari

Leo ni siku ya vipimo. Wazo langu. Mke wangu kaazima vipimajoto viwili kutoka maabara ya shule. Nimeviweka kwenye vigoda viwili, kila kimoja hatua moja kutoka dirisha lake.

Saa kumi na nusu: upande wangu nyuzi ishirini na saba. Upande wa pazia ishirini na tisa na nusu. Nilishangaa, maana pazia lile ni zito kama blanketi. Mke wangu kanieleza kabla ya kwenda kusahihisha madaftari. Pazia linalikuta jua likiwa limeshaingia ndani. Linapata moto, halafu moto huo unatokea humu humu sebuleni. Karatasi inalizuia pale pale kwenye kioo. Nikagusa pazia kwa mgongo wa mkono. Kweli! Lina moto kama pasi iliyosahauliwa. Nimeligusa mara nane. Inavutia sana.

Nilikuwa nashinda, basi. Nyuzi mbili na nusu. Ningeacha hapo.

Lakini mbili na nusu zinasikika kidogo. Nikajiuliza: Mama akisikia "mbili na nusu" atashtuka? Hatashtuka. Akisikia "nane"? Atashtuka. Mama alikuwa amelala chumbani. Nje mawingu yalikuwa yamejaa, mvua ya ghafla, sebule ikaingia giza. Nikawasha taa kubwa ili nione vizuri. Nikachemsha chai. Nikachukua kipimajoto cha upande wa pazia, nikakishikilia juu ya kikombe kwenye mvuke, nimesimama katikati ya sebule, nageuza geuza kama nachoma muhindi. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Karatasi yangu ipo. Nani ataniona?

Kipimajoto kikapanda. Thelathini na tano. Arobaini. Nikasahau kukiondoa kwa kutazama kinavyopanda. Hamsini na nane! Nikakipuliza. Nikakipepea na gazeti. Nikakitia kwapani, ambako kilitulia thelathini na saba, joto la mtu mzima mwenye afya.

Nikasikia makofi.

Nje, upande wa pili wa dirisha langu, chini ya miavuli: Bwana Pazia, wateja wake wawili, na tarishi. Wamepangana kama watu waliokata tiketi. Walikuwa hapo tangu kwenye birika.

Nikaona aibu, lakini kwa kweli nilitaka zaidi kujua sababu. Mbona jana hawakuona? Mke wangu akaja, akasikia kesi yote kutoka kwa kaka yake, akafumba macho kidogo, kisha akanijibu swali langu kwanza. Namshukuru kwa hilo. Kasema kioo cha namna hii kinamficha aliye upande wenye mwanga mdogo. Jua likiwaka nje, wa nje hawatuoni. Nje pakiwa giza na ndani taa inawaka, mambo yanageuka: sisi ndio tunaonekana, na sisi ndio hatuoni. Ndiyo maana jioni bado mtu anahitaji pazia, akasema. Bwana Pazia akamwomba arudie sentensi hiyo ya mwisho.

Nimejaribu mwenyewe. Nimewasha taa, nikatoka mvuani kuangalia. Naona kigoda, naona birika, naona saa ya ukutani. Nimerudi kuzima, nikatoka. Najiona mimi, nimelowa. Kuwasha. Kuzima. Safari kumi na moja. Tarishi alikaa mpaka ya tisa.


Jumamosi, tarehe 8 Februari

Naandika usiku, baada ya yote. 

Asubuhi niliona maji sakafuni chini ya pazia la Bwana Pazia. Kidimbwi kidogo. Kioo hakivuji. Nikatoka nje, nikachungulia dirisha lake la kulia, ambalo halina karatasi. Juu kabisa, kati ya kioo na pazia, kulikuwa na kitu kinaning'inia kwa kamba. Chupa! Za barafu, za kupoza upande wake! Na mimi ndiye niliyeaibishwa mbele ya tarishi!

Nilitaka kuziona kwa karibu kabla ya kumwita Mama. Nikaenda uani kuchukua ngazi. Ngazi ile ni ndefu, ya chuma. Nikaibeba begani nikazunguka nayo mbele ya nyumba. Nilipofika kati ya madirisha mawili, nikasikia nyuma yangu sauti ya Bwana Pazia.

"We! Na ngazi hiyo unakwenda wapi?"

Nikageuka. Ngazi nayo ikageuka. Mimi upande huu, mkia wake upande ule.

Mlio ule sitausahau. Dirisha la kushoto. Na nyuma ya dirisha la kushoto, nilijua bila kuona, kulikuwa na kiti, na kwenye kiti kulikuwa na mtu, na mtu huyo ana jicho lililotibiwa juzi juzi, bila miwani, limeelekezwa kwenye kioo hicho hicho kwa sababu yangu mimi.

 Bwana Pazia ndiye aliyeita. Akaita "Mama!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Tukakimbilia mlangoni pamoja, tukakwama mlangoni pamoja, tukaingia.

Alikuwa amekaa. Mikono yake iko kwenye mikono ya kiti. Mbele ya uso wake, kama urefu wa mkono hivi, kioo kizima kilikuwa kimepasuka vipande mia, mistari kila upande kutoka pale ngazi ilipopiga, na kimebonyea kwa ndani kama mto uliolaliwa. Lakini hakuna kipande hata kimoja kilichoanguka. Vyote vimening'inia kwenye karatasi. Sakafu safi. Mapaja yake safi. Uso wake safi.

Akainua kiganja akakiweka karibu na kioo, bila kukigusa.

"Kimevunjika," akasema, taratibu. "Lakini kimekaa."

Mke wangu akaja na tochi akamwangalia jicho, la kulia, la kushoto, tena la kulia.  Nilitoka nje nikakaa kwenye tuta la maua, juu ya maua yenyewe. Machozi yalitoka. Nayaandika kwa kuwa hiki ni kitabu changu na hakuna mwingine anayekisoma.

Baada ya muda mtu akakaa kando yangu. Bwana Pazia. Kanipa chupa ya maji baridi sana. Nikanywa nusu. Ndipo nikatambua ni chupa gani ile. Nikamtazama. Akatazama pembeni. Akasema yeye pia angegeuka kama angeitwa namna ile, na kwamba hakutakiwa kuita namna ile. Akanywa nusu iliyobaki.


Jumapili, tarehe 9 Februari

Hukumu.

Mke wangu alimwita dada wa tinti, ambaye alikuja na wembe wake sikioni. Alilichunguza dirisha kwa muda. Kasema karatasi ile si ya usalama hasa, ile ya usalama ni nene zaidi na inafungwa mpaka kwenye fremu. Hii ya joto kushikilia vipande ni kweli huwa inafanya, ila kwa pigo la namna ile tumshukuru Mungu. Akauliza nani alibandika, maana imeshika vizuri kila kona. Nikafungua mdomo. Mama akamtaja mke wangu. Nikafunga mdomo.

Tulikaa sebuleni wote, kioo kimeshaondolewa, dirisha limezibwa kwa ubao. Mama akatuambia tusimame, mimi na Bwana Pazia, watu wazima na mvi zetu. Akasema amesikia habari za mvuke. Amesikia habari za barafu. Akasema alitaka kitu kidogo tu, kukaa kwake na kuona watu, na katika siku sita ameonyeshwa moto, baridi, na ngazi.

Kisha akanigeukia mimi peke yangu.

"Mwanangu, umenipa dirisha nikaliona jua bila kuumia. Halafu ukalivunja mbele ya uso wangu. Sijui nikushukuru kwanza au nikufukuze kwanza."

Nikamwambia ningependa kushukuriwa kwanza. Mke wangu akakohoa. Lakini Mama akacheka, kwa shida, kama mtu anayejizuia.

Uamuzi: dada wa tinti atabandika nyumba yote ya wageni. Mke wangu ataamua chumba kipi kipate nini, na tayari ana orodha. Ya kukata joto vyumba vinavyotazama magharibi. Ya ukungu bafuni, mwanga uingie bila mtu kuonekana. Ya usalama kwenye kioo kirefu cha kando ya ngazi za kupandia juu. Bwana Pazia atashona mapazia mepesi ya kuvutwa taa zikiwashwa. Ufunguo wa ofisi kapewa mke wangu. Ataingia kila akitoka shule. Dirisha la kushoto litawekwa kioo kipya na karatasi ile ile.

Mimi na Bwana Pazia tutaosha vioo vyote kabla ya fundi kuanza. Mara tatu kila kimoja.

Mtaani sasa sitaitwa mume wa mwalimu. Nitaitwa mume wa meneja. Nikiangalia vizuri, hiyo ni kupanda cheo.


Jumanne, tarehe 11 Februari

Vioo kumi na vinne tangu asubuhi. Bwana Pazia anaosha kwa ndani, mimi kwa nje, tunaonyeshana madoa kwa vidole. Si mtu mbaya. Anaosha vibaya tu.

Dada wa tinti kamaliza vyumba viwili. Nimesimama kwenye kimoja saa tisa na nusu, jua limepiga kioo uso kwa uso, nami nimesimama nalo bila kukunja jicho. Bado sijachoka kushangaa. Mgeni wa chumba hicho, mfanyabiashara wa miwani, aliniuliza inafanyaje kazi. Nikamweleza yote: mwanga, joto, miale isiyoonekana, upande wenye giza. Alinisikiliza kwa makini. Akaniita fundi! Nilimwacha aniite.

Nimetafakari kwa kina wiki nzima iliyopita. Nani alileta wazo la karatasi? Mimi. Nani alithibitisha kwamba inashikilia kioo? Mimi tena, na kwa ngazi ya chuma, jambo ambalo hata dada wa tinti hajawahi kulifanya. Ukiangalia hivyo, nilikuwa sahihi tangu Jumatatu. Kosa langu lilikuwa kuchagua fani yenye vitu vinavyovunjika.

Sasa sikiliza. Wageni wa ghorofa ya juu wanalalamika kwamba maji ya kuoga yanatoka kama machozi ya mamba. Nimemsikia mke wangu akimwambia Mama kwamba atatafuta fundi bomba kesho. Fundi wa nini? Maji ni jambo la wazi: yanakwenda yanakosukumwa. Nimezunguka nyuma ya jengo nikaliona bomba kuu, na juu yake valvu kubwa nyekundu, kubwa kuliko kichwa changu. Inavutia sana. Ni dhahiri kuna mtu aliifungua nusu tu na kuisahau miaka yote hii. Bwana Pazia naye kaiona. Anasema izungushwe kushoto. Nimemwambia ashone mapazia yake.

Mama amenikataza kushika vioo vilivyobandikwa, ngazi na vipimajoto. Maji hakuyataja. Mke wangu yuko darasani mpaka saa kumi. Spana nimepata kwa jirani. Valvu ina mishale miwili iliyochakaa, haisomeki vizuri, mmoja unaelekea kulia na mmoja kushoto.

Nitaanza na wa kulia.